Jina Langu, Vidole Vyako

9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu. Wasalimie wanangu wote wawili, waambie mama mdogo hajawasahau. Mimi mzima, ila baridi ya chumba cha kuoshea mboga imeniingia magotini. Jumapili nilizungumza na Mama kwa simu ya jirani yake. Paa limeacha kuvuja. Bado anakataa kumeza dawa za presha, anasema zinamkosesha usingizi. Nilipomwambia wewe ndiye umesema azimeze, akaacha kubisha. Jina lako lina nguvu hata huko.

Huku pia linafanya kazi. Kila asubuhi mlinzi analiita na mimi naitikia bila kushtuka, mwaka wa pili sasa. Katika zamu yetu wako wanaume wawili wenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa. Mmoja mrefu kama nguzo ya umeme, mwingine hanifiki begani. Nyapara anawaita Pacha. Nusu yetu hapa tumevaa majina ya watu, na mwenye kiwanda anajua vizuri, maana mtu wa jina la kuazima haulizi kwa nini zamu imerefushwa.

Lililonifanya niandike ni hili. Mfuko wa pensheni utaanza kutuma taarifa kwa kila mchangiaji, kwa anwani iliyo kwenye kitambulisho. Yaani kwako. Makato ya mshahara wangu yanaingia kwenye uzee wako, kama tulivyopatana, na sinung'uniki: bila nakala ya kitambulisho chako nisingepita lile geti. Lakini shemeji anaamini kazi yangu ni kumlea bibi kizee mmoja nyumbani kwake. Liwahi sanduku la barua kabla yake.

Usinipigie simu. Tunalala wanane chumba kimoja, na ukuta ni wa mbao.

Wameleta mashine mpya ya kukata karoti. Kinga ya kisu imefunguliwa na kuwekwa pembeni ili kazi iende mbio. Usimwambie Mama.

Mdogo wako


3 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako niliipokea tarehe ishirini na moja. Nimetazama kwenye shajara yangu. Watoto wanakusalimu. Mdogo ameng'oka jino, analibeba mfukoni na kumwonyesha kila mgeni. Vaa soksi mbili, ya pamba ndani, ya sufu juu. Mama nitampigia Jumamosi.

Hapa kwetu mambo yamegeuka. Shemeji yako hana kazi tangu katikati ya mwezi uliopita. Mkandarasi amewaondoa waashi wote wa kudumu. Juzi tukiwa mezani akaanza:

"Analeta lori njia panda alfajiri, anachagua watu kama anachagua nyanya. Huyu, huyu, wewe toka. Nusu ya ujira wangu, hakuna bima, hakuna hata kofia. Wasio na vibali! Wanapanda wakishangilia."

"Na wao wana njaa," nikasema.

"Njaa yao imekaa kwenye sahani yangu, mama watoto."

Mtoto mkubwa akauliza, "Baba, wasio na vibali wana sura gani?"

"Utawajua tu," akajibu, akavuta bakuli la karoti. Zilikuwa za kiwanda chenu, za pakiti. Siku hizi ndiyo mboga tunayoimudu. Nilimtazama akila, na chakula changu kikanishinda.

Sasa nisikilize. Nilikwenda kiwanda cha sare za shule kuomba kazi. Msimamizi alinipa kipande nikishone mbele yake, akapenda mshono. Karani akabonyeza kompyuta, akaniambia, "Mama, wewe umeajiriwa tayari. Kiwanda cha mboga." Nikacheka kama mjinga, nikasema nilisahau, nikatoka.

Nilipokupa jina, mume wangu alikuwa anafanya kazi na mimi nilitosheka na kushona mapazia ya majirani. Sasa nalihitaji. Pia ombi langu la uraia liko mezani kwa watu wa Uhamiaji, na siku watakayoniita kwenye usaili sitaki waone nafanya kazi mji ambao sijawahi kukanyaga. Nakupa hadi mwisho wa mwezi wa nne. Nimeandika kwa upole, lakini ndivyo nilivyoamua.

Usitume barua nyumbani tena. Tumia anwani ya duka la vitambaa, mwenye duka ni rafiki yangu.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Salamu kwa wote. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Mwandiko ni mbaya kwa sababu karatasi inateleza, hakuna cha kuishikilia.

Naomba unipe mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Tafadhali usiniulize kwa nini.

Shemeji anasema njaa yetu imekaa kwenye sahani yake. Mkandarasi angeweza kuendelea kumlipa. Hakuna aliyemshika mkono.

Je, kuna barua yoyote ya serikali imekuja kwako? Ikija, usiifungue. Itie kwenye bahasha nyingine, unitumie kama ilivyo.

Hongera kwa mtoto kung'oka jino.

Mdogo wako


12 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo, amekubali nusu ya dawa. Watoto wako shuleni. Hizo ndizo salamu, nyingine sina.

Barua ilikuja. Shemeji yako ndiye aliyeifungua. Siku hizi yuko nyumbani mchana, na sanduku la barua ndiyo kazi aliyobakiwa nayo. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Akaja akasimama mlangoni na karatasi.

"Mama watoto, hebu nionyeshe mikono."

"Ina nini?"

"Nionyeshe tu."

Nikainua. Akavihesabu vidole kwa sauti, taratibu, kama anavyomfundisha mtoto. Alipofika kumi akanisomea: kwamba mimi, tarehe kumi na sita Machi, nikiwa kazini katika kiwanda cha mboga, nilikatwa kidole cha shahada na kidole cha kati cha mkono wa kushoto, na kwamba niripoti ofisi ya fidia nikapimwe na daktari.

"Sasa hivi," akauliza, "vimeota tena?"

Nikasema wamekosea mtu, majina hufanana. Akasema, na tarehe ya kuzaliwa? Na nyumba yetu, nayo imefanana? Nikainama kwenye cherehani. Tangu siku hiyo hazungumzi nami. Akitaka chumvi anamwambia mtoto, "Mwambie mama yako."

Karatasi ilikuwa inateleza! Uliandika barua nzima, ukanipongeza kwa jino la mtoto, na hukusema umepoteza vidole. Nililia mpaka mteja aliyekuja kuchukua pazia akaondoka bila kulidai.

Nilipomaliza kulia nilikaa nikafikiri. Jambo hili nimeshalishughulikia. Usiende ofisi yoyote. Usitie sahihi popote. Uguza mkono wako, nyamaza, na mambo yatapita.

Dada yako


28 Aprili

Dada,

Leo sina salamu. Hapana, wasalimie watoto. Wao hawajanikosea.

Kwa kuwa unataka kujua, nitakueleza. Karoti ilikwama, nyapara akapiga kelele "Msisimamishe!", nikaingiza mkono kama tunavyofanya siku zote. Sikusikia maumivu mara moja. Nilikaa sakafuni, mkono nimeufunga kwenye aproni, na kabla gari la wagonjwa halijafika nikamwona Pacha mfupi amepiga magoti anarudisha kinga ya kisu mahali pake. Anakaza skrubu huku machozi yanamtoka. Nyapara amesimama nyuma yake na bisibisi nyingine mkononi. Wakaguzi walipokuja waliikuta mashine salama kabisa.

Wodini alikuja mama mmoja wa ofisi ya fidia. Akafungua faili lako, akasema, "Umechangia miaka miwili, hujakosa hata mwezi mmoja. Hii si sadaka, mama. Ni haki yako." Dada, katika nchi hii hakuna aliyewahi kuniambia nina haki ya kitu. Nilitaka kumwambia haki hiyo siyo yangu. Nikasema ahsante.

Halafu daktari akaniambia kidole cha pete nacho kimeumia, mshipa umekatika. Kinajikunja kuelekea kiganjani. Kikipasuliwa kabla ya mwisho wa Mei kitafanya kazi. Baada ya hapo kitabaki kama ndoano. Gharama ni ya ofisi ya fidia. Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda, ingawa ulinikataza.

Yule mama akanionyesha barua iliyopigwa muhuri, imeandikwa: "Sina madai yoyote. Nimepona kabisa." Chini kuna sahihi yako. Nimeiiga miaka miwili, naijua kuliko ninavyoujua uso wangu. Haikuwa ya kuigwa.

"Mbona uliandika hivi?" akaniuliza. "Mkono wenyewe bado una bandeji."

Ningemwambia nini? Nikasema niliogopa. Si ndiyo kweli? Uliogopa.

Mwenye kiwanda amepata karoti zake. Mfuko umepata michango. Wewe umepata uzee, shemeji amepata mboga ya bei nafuu, Mama amepata paa. Mimi nataka kidole kimoja. Na hicho umeniandikia kwamba sikitaki.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Watoto wamepokea salamu zako. Sikuwaambia zilivyokuja.

Ndiyo, niliandika mimi. Niliwaza hivi: vidole vimeshakwenda, nyumba bado ipo. Daktari wa serikali akigundua wewe si mimi, utafukuzwa wewe, uraia wangu utafutwa kabla sijaupata, nami nikifungwa watoto wangu watabaki na baba yao. Nilihesabu kila kitu isipokuwa kidole cha tatu, na hicho hukuniambia. Wala hiyo siyo sababu ya kutosha. Hata kingekuwa kidole kimoja tu, nilipaswa kukuuliza kwanza.

Barua yako ilipofika dukani niliisoma nimesimama katikati ya vitambaa, kisha nikaenda nayo moja kwa moja nyumbani nikampa mume wangu. Akaisoma yote. Nilimwambia, "Haya, sema. Sema anakula kwenye sahani yako."

Akavuta kiti. Akauliza, "Unajua wiki hii asubuhi nilikuwa wapi?"

"Kutafuta kazi."

"Njia panda. Nimesimama nao. Lori likaja, nikachaguliwa kama nyanya. Nusu ya ujira, kofia sikupewa. Na aliyechagua ni yule yule msimamizi aliyeniondoa. Akaniambia, 'Ah, fundi, karibu tena.' Hakuona haya hata kidogo, mama watoto. Haya niliona mimi, kwa sababu jamaa mmoja ambaye sielewi hata lugha yake alisogea akanipa nafasi nikae."

Kisha akakunja barua yako. "Miezi yote hii nilikuwa namkasirikia aliyepanda lori. Mwenye lori hata sikumtazama usoni." Akanirudishia, akaongeza, "Lakini wewe ungeniambia. Miaka miwili unanilisha habari za bibi kizee mgonjwa! Nilishaanza kumwombea."

Sikiliza mpango wetu. Atakuja kwako tarehe ishirini akiwa na kitambulisho changu halisi, siyo nakala. Sijawahi kukitoa mkononi mwangu; siku hizo nitakaa ndani, sitatoka hata dukani. Mtakwenda ofisini pamoja, yeye kama mume wako. Atasema barua ya kukana madai alinilazimisha yeye, kwa wivu, eti hakutaka mkewe afanye kazi mbali. Amelipanga mwenyewe. Nilipomwambia watamdharau, akasema amezoea.

Nimekunakilia kutoka kwenye shajara yote wanayoweza kuuliza: tarehe ya harusi, tarehe nilizojifungua, shule za watoto, siku tuliyohamia, hata siku tuliyonunua kitanda. Yako kwenye karatasi ya pili. Ishike kichwani kisha uichome. Nywele suka kama kwenye picha, mistari minne kwenda nyuma. Mimi nilikuwa mnene kidogo wakati ule. Vaa gauni pana.

Dada yako


2 Juni

Dada yangu,

Nakusalimu, na safari hii kwa moyo wote. Mwambie mtoto jino lake alilonitumia kwa baba yake limefika salama, liko chini ya mto wangu.

Tulikwenda. Shemeji alinyoa ndevu kama bwana harusi. Kwenye basi nikamtania kwamba nimepata mume bila mahari, akasema mahari alishalipa kwa ukoo mzima, abiria mwingine ameongezeka tu njiani. Tulicheka mpaka kituoni. Mlangoni mwa ofisi nikarudia kimoyomoyo tarehe ya harusi na za watoto.

Yule mama akaweka barua yako mezani. Shemeji akatoa maelezo yake. Yule mama alimsema, dada! "Mwanamme mzima, mkeo anapoteza vidole na wewe unamwandikisha kwamba amepona! Huna hata aibu ya kuja hapa!" Shemeji ameinamisha kichwa, anasema, "Ni kweli, mama. Ni kweli." Kisha nikatia sahihi ya kufungua madai upya. Akaiweka kando ya ile yako, akatazama moja, akatazama nyingine. Yangu ilikuwa safi zaidi. Akapiga muhuri.

Kwa daktari ndipo nilipotaka kufa. Alikuwa na faili lako la hospitali, sikujua kama wanaliona. Tarehe ya harusi nikajibu. Watoto nikajibu.

"Umewahi kufanyiwa upasuaji?"

"Hapana."

Shemeji akakohoa. Daktari akageuza ukurasa. "Hapa naona mtoto wako wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji."

Dada, uliniandikia mpaka siku ya kitanda, na hilo hukuliandika.

Shemeji akapiga paja. "Mwanamke huyu! Kila tukigombana nakumbushwa kile kisu, kwamba nilikuwa nje nakunywa soda. Leo anaulizwa na daktari, amesahau!"

Daktari hakucheka. Kitanda cha kupimia kilikuwa nyuma yangu, na tumbo langu halina hata mkwaruzo. Angesema neno moja tu, nipande nifunue, na mambo yote yangeishia pale. Akanitazama usoni, akatazama picha, akarudi kwenye uso. Kisha akaushika mkono wangu, akajaribu kukinyoosha kidole cha pete. Nikapiga yowe.

"Hii kelele," akasema, "ni ya mwenye mkono." Akaandika.

Alijua? Shemeji anasema alijua. Mimi sijui, na sitaki kujua.

Nimepasuliwa wiki iliyopita. Kidole kinatikisika. Kila siku nabonyeza mpira mdogo kama walivyonielekeza. Fidia italipwa kwa jina lako, shemeji ataniletea. Kiwanda kimekuachisha kazi kwa sababu ya ulemavu, wakakupa barua ya shukrani na katoni moja ya karoti. Karoti nimewapa Pacha wote wawili. Nafasi yangu mashineni ilijazwa siku ya pili. Msichana aliyeingia ana jina la mtu mzima wa miaka hamsini.

Pacha mrefu amenipatia kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Hawaulizi karatasi, wala hawakati pensheni. Kwa hiyo uzee wako utaishia hapo ulipofika.

Jina lako nimelirudisha. Ahsante kwa kuniazima.

Mdogo wako


24 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako imefika, na shemeji yako amenihadithia mara tatu, kila mara yule daktari anakuwa mrefu zaidi. Watoto wazima. Mama sasa anameza dawa zote. Nilimwambia umetaka wewe. Baba watoto bado anakwenda njia panda. Ameanza kuwaambia wenzake wasipande lori mpaka wapewe kofia. Wiki iliyopita lori liliondoka tupu, siku iliyofuata likaenda njia panda nyingine. Hajui afanye nini sasa, lakini kesho atakwenda huko.

Kuhusu upasuaji wangu: nimefungua shajara ya mwaka ule. Tarehe ya kujifungua niliiongeza baadaye, lakini kurasa za siku zile nne ni tupu. Nilikuwa nimelala hospitalini, sikuandika, na mimi nilikunakilia yaliyoandikwa tu. Kidogo nikuangamize kwa mara ya pili.

Nilirudi kiwanda cha sare. Karani ni yule yule. Akalifungua jina langu, na safari hii halikuwa limeajiriwa popote. Akatabasamu. Kisha akaendelea kusoma, na tabasamu likaondoka.

"Hapa imeandikwa huna vidole viwili vya mkono wa kushoto."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu ya meza yake, wa kulia umeufunika wa kushoto. Sikuisogeza.

"Ndiyo," nikasema.

"Pole sana, mama. Cherehani za hapa zinataka mtu mwenye vidole vyote."

"Naelewa."

Niliuteremsha mkono taratibu hadi kwenye mfuko wa gauni, nikaaga kwa wa kulia. Nilitembea mpaka nyumbani bila kuutoa. Ningeweza kuuweka wazi pale mezani, nikasema, tazama, hesabu. Kazi ningeipata, na kidole chako wangekuja kukidai.

Usaili wa uraia ni mwezi ujao, tarehe kumi na tano. Nitakaa mbele ya watu wenye faili lile lile.

Kwenye kifurushi hiki utakuta glavu ya ngozi laini. Nimetumia mabaki ya koti la mteja, mshono wa ndani ili usikukwaruze penye kovu. Nilikata mbili, zote za mkono wa kushoto, zote za vidole vitatu. Nyeusi ni yako, ya baridi. Ya kahawia ni yangu, ya siku ya usaili. Nimeshaijaribu mbele ya kioo, nikikunja viwili ndani ya kiganja. Mwanzo vilikuwa vinauma, sasa vimeanza kuzoea.

Usiache kubonyeza mpira.

Dada yako